Nyara Ukutani

Ipo chupa moja ya kijani, ya pembe nne, inayokaa rafu za juu kwenye baa za mjini, Dar es Salaam mpaka Nairobi. Itazame vizuri siku ukipata nafasi. Kwenye karatasi yake kuna kichwa cha mnyama mwenye pembe zenye matawi, kama mbuyu wakati wa kiangazi, na katikati ya pembe hizo kuna msalaba unaong'aa. Wengine tumeionja, wengine tumewaona tu wenye chapaa wakiinywa kwa vikombe vidogo huku wakikunja uso. Lakini sijawahi kumsikia mtu akiuliza: yule mnyama ni nani, na msalaba umefikaje kichwani mwake?

Mnyama yule hayuko kwetu. Biblia ya Kiswahili inamwita ayala. Waliokulia kanisani watamkumbuka kwenye Zaburi ya 42. Kamusi nyingine zinamwita kulungu, nyingine paa, lakini huko ni kuchanganya koo, kwa sababu kulungu na paa wetu ni jamaa za ng'ombe na mbuzi, na ayala ni ukoo mbali kabisa. Afrika nzima, ayala wa asili yuko sehemu moja tu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja.

Tofauti yao iko kwenye pembe. Pembe ya swala ni ala, kitu cha jamii ya ukucha, iliyovalishwa juu ya mfupa kama kofia, na anakaa nayo mpaka kufa. Pembe ya ayala ni mfupa mtupu. Inaota kila mwaka chini ya ngozi laini ya manyoya, mithili ya mahameli. Ikikomaa ngozi ile inababuka, dume anaisugua kwenye miti mpaka damu inamtiririka, anapigania majike, na majira ya baridi yakielekea kuisha pembe zote mbili zinadondoka chini kama embe lililoiva. Kisha anaanza upya. Kwa hiyo Mzungu mwenye hamu ya pembe hana haja ya kuua mtu wala mnyama. Anaweza kwenda msituni na kikapu akaokota. Shika hilo, tutalihitaji mbele.

Haya, na msalaba? Wanasimulia kuwa palikuwa na kijana wa ukoo bora, Hubert, aliyepagawa na uwindaji kiasi kwamba hata siku ya Ijumaa Kuu, wenzake wakiwa kanisani, yeye alikuwa porini na mbwa wake. Akamkurupusha ayala dume. Alipotaka kumlenga, mnyama akageuka, na katikati ya pembe pakawaka msalaba, na sauti ikamwuliza ataendelea hivyo mpaka lini. Akapiga magoti. Hubert wa kweli alikuwa askofu wa Liège, alikufa mwaka 727, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Wawindaji wa Ulaya wanaiadhimisha kwa tarumbeta na misa. Yaani kijana aliyekatazwa na ayala kuwinda ndiye waliyemfanya msimamizi wao! Pombe yenyewe, Jägermeister, ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1935, na jina lake ni cheo cha mkuu wa wawindaji.

Lakini leo sikuja kuongelea pombe. Nimekuja kuongelea kile kichwa.

Ukiingia nyumba ya mwindaji wa Ujerumani au Austria, hata ya mtu wa kawaida tu, seremala au mwalimu, utaona ukutani safu za mafuvu meupe madogo yenye pembe, kila moja limepigiliwa kwenye kibao cha mwaloni. Hayana ngozi, hayana macho ya kioo. Wamarekani, ambao wao walipenda zaidi kichwa kizima kilichojazwa na kuvalishwa ngozi mpaka mabega, ndio wanaouita huu mtindo wa Ulaya. Ni mtindo wa bei rahisi, na ndiyo maana umeenea. Kichwa cha kujaza kinataka fundi. Fuvu unalitengeneza mwenyewe nyumbani, ukiwa na sufuria kubwa na mke mvumilivu.

Kazi inaanza na kisu. Kichwa kinachunwa kingali kibichi, macho yanatolewa, ulimi unakatwa, nyama ya mashavu inakwanguliwa. Ubongo unatolewa kwa kupitia tundu la nyuma, pale uti wa mgongo unapoingilia, kwa waya uliokunjwa ncha na maji ya kusukuma. Hapo ndipo wengi wanachoka na kuacha. Halafu fuvu linalowekwa kwenye maji baridi siku moja au mbili, maji yakibadilishwa mara kwa mara, mpaka damu yote itoke. Damu ikibaki ndani, mfupa utakuwa na madoa ya kahawia ambayo hata ufanye nini hayaondoki.

Baada ya hapo, moto. Watu wanasema "kuchemsha", lakini fundi mzuri hachemshi. Maji yanatakiwa yafukute tu, yatoe mvuke bila kutokota. Yakitokota, mafuta yanayeyuka yanazama ndani ya mfupa, na baada ya miezi fuvu linageuka njano na kunata mkononi. Meno nayo yanalegea, na mifupa myembamba ya pua, ambayo ndani yake imekunjwa kama karatasi, inafumuka. Wanatia soda ya kufulia kidogo, ndugu yake magadi tunayotia kwenye maharage, na kwa sababu ile ile: inalainisha. Pembe za ayala hazitakiwi kuguswa na maji kabisa. Ile rangi yake ya kahawia imetokana na damu iliyokauka na utomvu wa miti aliyojisugulia, na maji ya moto yanaichuja yote. Kwa hiyo zinafungwa nailoni, fuvu linaning'inizwa kwa kamba, maji yakiishia chini ya shina la pembe. Kwa swala wetu mambo ni kinyume: ala ya pembe lazima ilegee na kuchomoka, maana chini yake kuna nyama, na ukiiacha itaoza humo humo na nyumba itanuka mpaka jirani aje kuuliza.

Wasiotaka moto wana njia mbili. Ya kwanza ni kulizamisha fuvu kwenye ndoo ya maji na kuliacha lioze lenyewe kwa wiki kadhaa. Mfupa unatoka mzuri sana, ila harufu yake nakuachia wewe. Ya pili ndiyo inayotumiwa na majumba ya makumbusho: wadudu. Kuna kijidudu cheusi ambacho mabuu wake wenye manyoya wanakula nyama kavu mpaka mwisho na mfupa hawaugusi. Makumbusho makubwa duniani yanawafuga ndani ya masanduku, chumba cha peke yake, mlango umefungwa barabara. Sisi tunawafahamu bila kufuga. Ndio hao hao wanaotoboa samaki wakavu kwenye magunia, kuanzia Ziwa Victoria mpaka sokoni kwenu. Mama muuza dagaa anawalaani, profesa anawanunulia chakula.

Kisha mafuta. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, siku nyingi, unabadilisha, unabadilisha. Mwisho kabisa ndio weupe. Hapa nawasihi wote wenye papara: si Jik. Ile inaula mfupa, leo unaona mweupe, kesho unamumunyuka kama chaki. Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ile wanayopaka nywele saluni ziwe za dhahabu. Ya duka la dawa, asilimia 3, inatosha ukiwa na subira. Ya saluni inafika 12 na inaunguza ngozi, kwa hiyo glavu, na chombo kiwe cha plastiki na kisifunikwe kikabana, maana inatoa hewa na inaweza kufyatuka. Wajerumani wengine wanaichanganya na unga wa chaki, wanalipaka fuvu kama uji mzito, kwa uangalifu mashinani ili pembe zisichubuke rangi. Kesho yake wanakung'uta.

Linabaki suala la ubao. Wengine wanaacha fuvu zima na meno yake ya juu. Wengine wanapitisha msumeno kutoka kisogoni kupitia matundu ya macho hadi ncha ya pua, nusu ya chini inatupwa, nusu ya juu inalala bapa kwenye kibao. Utaya wa chini hautupwi. Unahifadhiwa, kwa sababu siku ya maonyesho wazee wa kamati watatazama meno yalivyolika ili wajue ayala yule alikuwa na umri gani, na kama mwindaji alimwua aliyestahili kuuawa au aliua kijana.

Nimekaa sana hapa jikoni kwa makusudi. Watunzi wenzangu tunapenda kuruka kazi ya mikono. Kwenye hadithi zetu mtu "anaandaa chakula" na mwingine "anatengeneza gari", basi. Ukweli wa mtu uko pale anapobadilisha maji ya ndoo mara ya saba. Na kuna jambo jingine: ukishajua inachukua wiki ngapi kulifanya fuvu liwe jeupe, huwezi tena kuamini kwamba lilifika ukutani kwa bahati mbaya.

Ukuta huo ulikuwa na wenyewe. Kwa karne nyingi Ulaya, ayala alikuwa wa bwana. Mkulima alimwona anakula ngano yake usiku, na kumgusa haruhusiwi. Akimtega na kukamatwa, adhabu yake ilikuwa kali kupita thamani ya nyama. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani walipoasi, waliandika madai yao kwenye vifungu kumi na viwili, na kifungu cha nne kilikuwa hicho: maskini haruhusiwi kugusa mnyama wala ndege wala samaki, na mabwana wanawaacha wanyama wamalize mazao. Uasi ule ulizimwa kwa damu. Wakuu wakaendelea kupamba kuta.

Kwenye ngome ya Moritzburg, karibu na Dresden, kuna ukumbi mzima wa pembe za ayala. Jozi moja ina uzito unaokaribia kilo 20. Chumba kingine kimewekewa pembe zenye kilema, zilizopinda na kuchanua ovyo. Humo mna pembe maarufu zenye ncha 66, za ayala aliyeuawa mwaka 1696 na mtawala wa Brandenburg. Inasimuliwa kwamba mwanawe, Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia, ambaye ugonjwa wake ulikuwa kukusanya askari warefu, alimpa August wa Saxony pembe zile akalipwa kikosi cha askari warefu. Binadamu hai kwa mfupa uliokufa. Sijui kama wale askari waliulizwa.

Mapinduzi ya mwaka 1848 ndiyo yaliyovunja haki ya mabwana kuwinda kwenye shamba la mtu mwingine. Hapo mwenye duka, daktari na karani wakaanza nao kuingia porini, na kila mmoja akataka ukuta wake. Kile kibao kidogo cha mwaloni tunachokiona leo kwenye nyumba za kawaida ni cha watu hawa: sebule ya karani ikiiga ukumbi wa mfalme.

Aliyefikisha jambo hili kwenye wazimu ni Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria. Alikuwa anaandika hesabu ya kila mnyama anayemwua, na daftari zake zinafika zaidi ya 270,000. Kwenye ngome yake ya Konopiště, ambayo sasa iko nchi ya Czech, kuta za korido zimejaa vichwa kuanzia kiunoni mpaka darini. Mwaka 1913 alimpiga risasi mbuzi-mwitu mweupe wa milimani, na watu wa huko wana imani kwamba anayemwua mnyama huyo hamalizi mwaka. Tarehe 28 Juni 1914 akiwa Sarajevo, naye akapigwa risasi. Unajua kilichofuata. Vita Kuu, ambayo kwetu iliwafanya wabebaji mizigo wafe kama siafu kuanzia Taveta hadi Mto Ruvuma.

Vita vile vilifungwa rasmi Versailles miaka mitano baadaye, siku ile ile, tarehe 28 Juni 1919. Na ndani ya mkataba ule mrefu, katikati ya mambo ya meli na makaa ya mawe na mabilioni ya fidia, kuna kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa.

Fuvu lilifikaje kule?

Wajerumani walipotua pwani yetu walikuja na mila zao zote, pamoja na hii. Hermann von Wissmann, gavana, alitoa mwaka 1896 amri ya kuhifadhi wanyama: kuwinda kukahitaji kibali, na mapori ya akiba ya kwanza yakatengwa. Amri hiyo ina sifa nzuri kwenye vitabu vya uhifadhi, na sibishi kwamba tembo walikuwa wanamalizwa. Lakini Mhehe au Mzaramo aliyekuwa akiwinda tangu babu yake alilala mwindaji akaamka jangili, kama yule mkulima wa 1525. London nako, Rowland Ward, fundi wa kujaza wanyama, alikuwa ameanza mwaka 1892 kuchapisha vitabu vya vipimo vya pembe, nani ana ndefu kuliko nani, na mabwana wakaja Afrika na tepu mfukoni. Roosevelt, alipomaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909 na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Hayo tuyapite.

Kiswahili kina neno moja la vitu hivi, nalo ni nyara. Afisa wanyamapori akikukamata na pembe au fuvu bila kibali, hati ya mashtaka itasema umekutwa na nyara za serikali. Sheria ya Tanzania Namba 5 ya mwaka 2009 haina mzaha, kwa hiyo aliyesoma maelekezo yangu ya jikoni na mikono inamwasha, achukue kichwa cha mbuzi baada ya supu. Fuvu la swala aliloliokota porini aliache hapo hapo. (Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977.) Lakini nyara, kabla haijawa ya serikali wala ya wanyama, ni mali iliyopatikana vitani. Ni mateka. Mpaka leo ndege ikitekwa tunasema imetekwa nyara. Wahenga waliolitumia neno hili hawakutenganisha kilichotoka kwenye vita na kilichotoka kwenye mawindo, na nadhani waliona mbali kuliko sheria.

Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliliangukia jeshi la Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, wakalivunja na Nyundo mwenyewe akafa. Wajerumani walijipanga miaka mitatu, wakaiteka ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akatoroka. Miaka minne aliwasumbua porini, huku Tom von Prince, Bwana Sakarani, akimsaka, na rupia 5,000 zikiwa zimetangazwa kwa atakayemleta. Tazama lugha yenyewe: wanamsaka, wanafuata nyayo, kuna dau. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi. Askari wa Kijerumani aitwaye Merkl alipofika alikuta maiti. Kichwa kikakatwa, kikapelekwa Iringa kwa von Prince.

Kama Mkwawa angekuwa peke yake, tungesema ni hasira za vita. Hakuwa peke yake. Namibia, kati ya 1904 na 1908, Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama. Katika kambi za wafungwa, vichwa vya waliokufa vilichemshwa, na wanawake wafungwa wakalazimishwa kuvikwangua nyama kwa vipande vya chupa zilizovunjika. Sufuria ile ile, maji yale yale ya kufukuta, ila mkononi mwa mjane, na huenda kichwa ni cha mtu aliyemfahamu. Mafuvu yakasafirishwa kwenda vyuo vikuu. Ishirini kati yake yalirudishwa Windhoek mwaka 2011.

Na Berlin, Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho, aliwaandikia maafisa na madaktari wa makoloni wamtumie mafuvu. Wakamtumia maelfu. Kutoka Afrika Mashariki tu yako zaidi ya 1,100, mengi ya Rwanda, mengine zaidi ya 200 ya Tanzania na machache ya Kenya. Sababu iliyotolewa ilikuwa elimu: kupima upana na urefu wa fuvu ili kujua koo za wanadamu. Tepu ya Rowland Ward tena, safari hii kwenye vichwa vyetu.

Nimejiuliza sana ilikuwaje watu waliosoma, wenye wake na piano na Krismasi, wakaweza hili. Wengi wanajibu kwa neno moja, ubaguzi, na ni kweli. Mimi naongeza mazoea. Kijana aliyekulia nyumba ambayo kila asubuhi anakunywa chai chini ya mafuvu meupe, aliyefundishwa na baba yake kushika kichwa, kutoa ubongo kwa waya na kubadilisha maji, mikono yake tayari inajua kazi. Kilichobaki ni kumwambia kwamba huyu naye ni wa kuwindwa. Simlaumu seremala wa Bavaria na kibao chake. Anayekula nyama ya mnyama wake na kumwekea tawi bichi mdomoni kama tonge la mwisho, kama desturi yao inavyotaka, ana adabu kuliko wengi wetu machinjioni. Nasema tu kwamba ayala huangusha pembe zake kila mwaka, bure, na wenye kuta hawakuridhika nazo. Walitaka na fuvu chini yake. Pembe ya kuokota inaonyesha kwamba mnyama alipita. Fuvu linaonyesha kwamba mimi nilimmaliza.

Kifungu cha 246 hakikutekelezwa ndani ya miezi sita, wala ndani ya miaka thelathini. Wajerumani walisema hawajui liliko. Ni gavana Edward Twining aliyelifuatilia, na mwaka 1953 akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Wakamwonyesha mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Twining hakuwa na jina la kumwongoza. Alichokuwa nacho ni vipimo: upana wa kichwa kwa urefu, vilivyolinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Akachagua moja lenye tundu la risasi na vipimo vinavyokaribia. Tarehe 19 Juni 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu, pale Kalenga, na mpaka leo liko kwenye makumbusho madogo ya pale, ndani ya kioo. Kama ndilo lenyewe, wanahistoria bado wanabishana. Mimi niliwahi kulitazama, na kilichonishangaza ni jinsi lilivyo dogo na lilivyo safi.

Mwandishi mwenye njaa ya riwaya asihangaike na jambo jingine. Afikirie yale 83 yaliyobaki Bremen siku ile, ambayo hayakuwa na mkataba.

Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, alinyongwa tarehe 27 Februari 1906 wakati wa Majimaji, na wazee wa Ruvuma wanasema kichwa chake kilichukuliwa. Mwezi Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa wajukuu. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na ukoo wake unasema hivyo hivyo. Mjukuu wake alizeeka akiandika barua.

Wawindaji wa Kijerumani wana desturi ndogo: fuvu likishakauka, mwenyewe anaandika kwa wino, nyuma ya mfupa au kwenye kibao, tarehe na mahali alipomwua ayala yule. Mafuvu ya Berlin nayo yameandikwa. Ndiyo maana watafiti walipoanza kuyachambua, baada ya taasisi ya makumbusho ya huko kuyapokea kutoka hospitali mwaka 2011, waliweza kujua lipi limetoka wapi. Mwaka 2023 walichukua manane yaliyodhaniwa kutoka Kilimanjaro, wakalinganisha vinasaba vyake na vya watu walioko hai Tanzania. Matatu yakapata ndugu. Moja lilikuwa limeandikwa neno la Kiswahili, Akida, na likathibitika kuwa la mshauri wa Mangi Meli; wajukuu zake wapo, wakaambiwa. La Meli mwenyewe halikupatikana.